Stika ya Nyumba Namba Kumi na Saba

Nianze na mwenye makosa, na mwenye makosa ni manispaa. Kwangu nitafika, msiniharakishe.

Mtaa wetu ulikuwa wanwei tangu nikiwa msichana wa shule. Magari yote yaliingilia upande wa stendi ya zamani, yakashuka mbele ya maduka yetu, yakatokea kwenye mzunguko wa chini. Hakuna lililopanda. Na dereva akishajua kwamba hakuna wa kukutana naye uso kwa uso, kichwa kinamruka. Mtaa wa maduka, mtaa wa watoto na wajawazito, yeye anaukata kama vile ameujenga babu yake. Mteja naye akipitiliza karakana yangu kwa hatua kumi tu, imekula kwake na kwangu, maana kurudi ni mpaka azungukie sokoni, avuke reli, apange foleni ya mzunguko, aje kuanza upya. Dakika ishirini na tano. Nani atazunguka dakika ishirini na tano kwa ajili ya kochi lililochanika?

Mimi ni fundi makochi. Nabandua kitambaa cha zamani, nabadilisha sponji, nakaza mbao, navisha upya. Kazi nilifundishwa na Baba, na mpaka leo springi na mikanda ya chini ni yake, kwa sababu vidole vyake vinaona kuliko macho yangu. Macho yake mwenyewe yalikwisha miaka kumi na moja iliyopita kwa presha ya macho, ambayo aliificha kwa ubishi hadi siku alipoingia kifua mbele kwenye mlango wa kabati uliokuwa wazi.

Anakaa nyumba namba kumi na saba, upande wa pili wa barabara. Lango lake linatazamana na mlango wa karakana. Katikati ni lami, hatua kumi na nne za miguu yake, na kwa miaka yote kumi na moja alivuka peke yake, asubuhi kuja na jioni kurudi. Hakushikwa mkono na mtu. Aliyejaribu kumshika aliambiwa, "Ahsante, nina mikono miwili, yote yangu."

Wala msidhani alivuka kwa bahati. Alivuka kwa utaratibu. Juu kule mbele ya kibanda cha kinyozi kuna mfuniko wa chuma wa mtaro, umelegea, na kila gari likiukanyaga unalia ko-ko. Kutoka mfuniko ule hadi langoni kwa Baba, gari la mtu mwenye akili linachukua hesabu ya kumi na tano. La mwendawazimu, kumi. Baba anavuka kwa hesabu ya tisa. Basi anasimama ukingoni, anatega sikio kule magari yanakotoka, anasubiri la mwisho limpite, anausikiliza mfuniko. Ukinyamaza, fimbo mbele, anaondoka. Asubuhi alitumia sikio la kulia na jioni la kushoto, na alikuwa akisema masikio yake yanapokezana zamu kama walinzi wa benki. Kuna mwaka mafundi wa manispaa walikuja kuukaza mfuniko huo. Baba alikwenda akasimama juu yake, akakataa kushuka mpaka wakafunga vifaa vyao wakaenda zao. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Rada.

Mwaka jana nikasema imetosha. Nikachukua daftari nikapita mlango kwa mlango kukusanya saini ili mtaa ufunguliwe pande zote mbili. Nilikuwa na hoja zangu. Gari likijua kuna mwenzake anakuja mbele, litapunguza mwendo. Mteja akipitiliza, atageuza. Sisi tutapumua. Baba alisaini wa kwanza, nikimwekea kidole pale mstari unapoanzia.

"Lakini mama, sikiliza," akaniambia. Akiwa na furaha na mimi huniita mama. "Magari yakija kutoka pande mbili, la karibu litalifunika la mbali. Na upande wa chini hakuna mfuniko. Mimi nitahitaji taa ya kuvukia, ile yenye mlio. Hapa langoni."

"Utaipata, Baba."

"Bila hiyo taa mimi ni mfungwa humu ndani."

"Nimesema utaipata."

Saini zikafika mia mbili na kumi na mbili. Manispaa ikamtuma mhandisi, dada mmoja mwembamba mwenye viatu vya vumbi, na maneno matamu. Hakuna kitakachofanyika bila nyinyi, akasema. Huu ni mtaa wenu. Kweli barabara itafunguliwa pande mbili, ila na mambo mengine manne yamependekezwa: kivuko chenye taa na mlio langoni kwa namba kumi na saba, nafasi ya kupakia na kushusha mizigo mbele ya karakana yangu, taa za barabarani kwenye kona ya mwoka mikate, na miti ya kivuli. Mawili ndiyo yatakayofanyika sasa. Wananchi wenyewe watachagua.

Watachagua vipi? Kwa stika! Mambo ya uhai na kifo yaamuliwe kwa vile vidude vya kubandika kwenye daftari za watoto. Kila mkazi mtu mzima aliletewa moja ndani ya bahasha, ya kijani, imeandikwa namba ya nyumba yake ili mtu asibandike mara mbili. Siku ya mkutano utakwenda ukumbi wa shule, utaibandika kwenye ramani pale penye kitu unachokitaka kuliko vyote. Nilipoliona wazo hilo nilicheka. Sasa sicheki.

Baba hakwenda. Ukumbi ule una mwangwi, akiingia humo hajui nani anasema nini wala kutokea wapi, na hapendi kukaa kama mzigo uliosahauliwa. Alinipa bahasha yake mkononi, akaikunja mikono yangu juu yake.

"Kivuko," akasema. "Langoni kwangu. Usikosee."

"Baba, kweli naweza kukosea hilo?"

Ramani ilikuwa ndefu, imelala juu ya meza nne zilizounganishwa. Kwa kuwa nilikuwa katibu wa kamati ya mtaa, niliitwa wa kwanza. Ramani tupu kabisa, haina hata stika moja. Nina mbili mkononi, yangu ya namba kumi na nane, maana nalala nyuma ya karakana, na ya Baba ya kumi na saba. Nyuma yangu foleni imepanga mpaka mlangoni.

Nikawaza haraka, na kuwaza haraka ndiko kulikoniponza. Nikajiambia: kivuko cha Baba si kitu cha kuombewa. Nani asiyemjua Rada? Kinyozi anamjua, mwoka mikate anamjua, mwalimu mstaafu wa namba tisa anacheza naye bao. Wote watabandika pale, patakuwa kijani tupu. Stika mbili zangu pale zitaongeza nini? Lakini nafasi ya mizigo, nani ataikumbuka nisipoikumbuka mimi? Wateja wanashusha makochi katikati ya barabara huku wakitukanwa. Nikabandika yangu mbele ya karakana. Nikaishika ya Baba. Nikaibandika hapo hapo kando yake.

Nikarudi nyumbani. Baba akauliza, "Umebandika?" Nikajibu, "Nimebandika." Si nilikuwa nimebandika?

Wiki moja baadaye matokeo yakatundikwa kwenye ubao nje ya duka la mikate. Nafasi ya mizigo, ishirini na mbili. Taa za kona, kumi na tisa. Miti, kumi na nne. Kivuko, tatu.

Tatu!

Niliisoma mara mbili, kisha nikaipiga ile karatasi kofi kama vile ni uso wa mtu. Watu hamsini na nane, na watatu tu ndio walioona kwamba mzee kipofu anahitaji kuvuka barabara. Nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi, nikamkuta na mteja kitini, povu hadi shingoni.

"Wewe stika yako uliiweka wapi?"

"Dada, habari za asubuhi kwanza."

"Uliiweka wapi?"

Akashusha wembe. "Kwenye miti. Hapa jua linatuua. Mimi nilijua kivuko cha mzee kimeshapita zamani, nani atamnyima Rada?"

"Wamemnyima! Watu kama wewe mmemnyima!"

"Mbona unanifokea? Nilijua wewe na yeye mmeshaanza na mbili, wengine watajalizia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo nikasema kweli. Badala yake nikamwambia, "Akili ni nywele, na wewe kazi yako ni kunyoa," nikatoka. Mteja wake akacheka, povu likaruka. Mwoka mikate naye nilipomkabili alisema yale yale: aliweka kwenye taa za kona, kwa sababu kivuko alijua kimepita. Mwalimu wa bao vilevile. Mtaa mzima ulimpenda Baba, na kila mmoja akaacha mapenzi hayo yatekelezwe na jirani. Niliwatukana wote, mlango kwa mlango, kwa utaratibu uleule niliokusanyia saini. Nyani haoni kundule.

Baba alipoambiwa hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Tatu?" Kisha akachukua koti. "Nipeleke manispaa. Nataka kuisikia mwenyewe."

"Baba, nitakwenda mimi, hakuna haja ya wewe kuhangaika."

"Nipeleke."

Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Ofisi ya mhandisi ilikuwa chumba kidogo kilichojaa mabomba ya kuhifadhia ramani, makorokoro ya kupimia, na feni inayozungusha joto lile lile. Akasimama alipomwona Baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

Sikumpa nafasi ya kukaa. Nilimwaga kila kitu. Kwamba wanaua watu kwa stika. Kwamba uhai wa mtu haupigiwi kura na wapenda kivuli. Kwamba yeye amesoma hadi ameota kibyongo, na bado hajui kuwa kipofu hawezi kuvuka barabara ya pande mbili bila mlio. Kwamba ameambiwa, ameandikiwa, akakaa kimya. Nilipiga meza. Kalamu zikaanguka. Watu wa chumba cha pili wakachungulia. Nilikuwa na haki kwa kila neno, na ndiyo maana ilikuwa rahisi sana kupiga kelele.

Mhandisi alisubiri nimalize. Uso wake ulikuwa umechoka. "Mama, mimi mwenyewe nilikipendekeza kivuko," akasema. "Niliamini kitaongoza. Nilishangaa kuliko wewe. Sheria ya mradi inanifunga nifuate ramani."

"Ramani gani? Nani aliyeziona hizo stika?"

"Ninayo hapa."

Akavuta bomba moja, akatoa karatasi ndani yake, akaitandaza mezani. Ilikuwa ni ile ile.

"Hawa watatu waliotaka kivuko ni nani?" Baba akauliza.

Mhandisi akainama. "Mbili za nyumba namba thelathini na moja. Moja ya arobaini na nne."

Hao ni wapangaji wapya. Wale wa thelathini na moja walikuwa hawajamaliza mwezi. Hawamjui Rada, hawajawahi hata kumsalimia. Waliona kwenye ramani kivuko cha watu wasioona, wakaona ni jambo la maana, wakabandika. Waliomjua ndio waliomwacha.

"Na ya kumi na saba?" Baba akasema.

Mhandisi akaitafuta kwa kidole. Akaiona. Akaniangalia mimi, si Baba. Alikuwa na hiari ya kunipigia kelele mbele ya watu kama nilivyompigia yeye, na hakunipigia. Aliniachia nafasi ya kusema. Sikuitumia.

"Binti, nimekuuliza. Stika ya nyumba namba kumi na saba iko wapi?"

"Ipo mzee. Iko kwenye nafasi ya mizigo."

Baba akanyoosha mkono. "Niwekee kidole juu yake."

Mhandisi akakishika kidole cha shahada cha Baba taratibu, akakiweka. Baba akaipapasa ile stika kwa kucha, pembe zake zote, kama anavyokagua mshono kabla ya kazi kutoka.

"Na lango langu liko wapi hapa?"

Akamsogezea kidole. Umbali haukufika hata urefu wa kiungo kimoja cha kidole.

"Karibu hivi?"

"Kwenye ramani, ndiyo mzee."

"Alishindwa kufika hapa," Baba akasema. Hakusema na mimi. Alisema na ile karatasi.

"Baba, nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Mtaa mzima ulidhani."

"Hata kama ningeziweka zote mbili, zingekuwa tano tu. Kisingepita."

Hapo ndipo alipogeuka. Nimeshafokewa na Baba mara nyingi, kwa springi zilizopinda na kwa gundi iliyomwagika, lakini sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia. Ilikuwa ya chini.

"Kisingepita. Lakini ningekuwa nimesema. Hiyo ilikuwa sauti yangu, nikakupa uibebe hatua mia mbili tu hadi shuleni. Ukaiuza njiani."

Kisha akamwuliza mhandisi kama kuna njia nyingine. Ipo, akasema. Mkazi mwenyewe aandike barua, aweke sahihi yake, izungumzwe kwenye kikao cha mwezi wa tisa. Isiwe ya kamati wala ya katibu. Iwe ya mkazi. Baba akashukuru. Tulipotoka nilimpa bega. Aliligusa, akalitambua, akaliacha. Akamwomba mhandisi amfikishe chini ya ngazi.

Barabara ikafunguliwa Jumatatu iliyofuata. Walipaka mistari mipya, wakang'oa mabango ya zamani, mwenyekiti wa kamati akakata utepe. Watu walipiga makofi. Nafasi yangu ya mizigo ilikuwa nzuri mno, imechorwa mstatili mweupe mbele ya mlango, na kila nikiutazama natamani kuutemea mate.

Saa mbili asubuhi Baba akatokea langoni na fimbo yake. Nilikuwa mlangoni, ng'ambo. Akatega sikio la kulia. Mfuniko ukalia, gari likashuka. Akasubiri. Kabla halijamaliza kupita, jingine likapanda kutoka chini, bila ko-ko, bila taarifa. Akageuza sikio la kushoto. La juu likalia. Akageuza tena. Nilimwona akiweka mguu kwenye lami na kuutoa, akaweka na kuutoa, mtu mzima wa miaka sabini na tatu, kama anayepima maji ya moto. Alisimama pale dakika arobaini. Halafu akageuka akaingia ndani, akafunga lango.

Nikavuka mbio. "Baba, nipe mkono nikuvushe. Ni dakika moja tu."

"Sikukuomba mkono," akasema kutoka ndani. "Nilikuomba stika."

Wiki nzima ikapita hivyo. Nilimpelekea fremu za makochi uani, akazifunga mikanda, nikazirudisha. Hakuniita mama hata mara moja. Alisema "weka," "chukua," "kaza hapa," basi. Mwalimu alimfuata na bao lake, akaambiwa mzee hachezi. Kinyozi alileta wembe amnyoe uani, akarudishwa na povu lake. Na magari yakaendelea kupishana barabarani, polepole, kistaarabu, kama nilivyotaka mwenyewe. Wateja waliongezeka, si uongo. Kila aliyegeuza gari na kusema "afadhali sasa" alinichoma.

Jumatatu ya pili niliamka na hasira nisiyojua niipeleke wapi. Manispaa nimeshaitukana, majirani nimewamaliza. Nimebaki peke yangu, na mtu hawezi kujipiga kofi likatosha. Ndani ya karakana kulikuwa na kochi la watu watatu la mwalimu na mawili ya mtu mmoja mmoja, yamevishwa upya, yanangoja kuchukuliwa. Nikalishika lile kubwa nikaliburuta. Likatoka mlangoni, likapita juu ya mstatili wangu mweupe, likaingia kwenye lami. Nikaliweka kukingama njia ya kushuka. Yale mawili nikayapanga kwenye njia ya kupanda. Kisha nikakaa katikati ya lile kubwa.

Honi zikaanza. Juu magari matano, chini matano, juu kumi. Dereva wa lori la saruji akatoa kichwa.

"We mama, una wazimu?"

"Ninao! Zima injini!"

"Tutakugonga!"

"Gonga! Ila zima injini kwanza!"

Watu wakatoka madukani. Kinyozi alikuja na wembe mkononi, mteja wake nyuma na nusu ya ndevu. "Dada, umepatwa na nini?" Nikamwambia kama kweli anampenda Rada, aende juu akawaambie wazime injini. Akanitazama, akalitazama lango, akaelewa. Akapanda kule mbio. Mwoka mikate akashuka chini na aproni yake ya unga. Mmoja baada ya mwingine, wakiguna na kulaani, madereva wakazima. Wa mwisho alikuwa yule wa lori.

Kimya kikaingia mtaani. Sijawahi kuusikia mtaa wetu hivyo. Nikasikia komeo la lango likifunguliwa.

Baba alisimama ukingoni. Sikio la kulia. Sikio la kushoto. Kulia tena. Uso wake ulikuwa umekunjika kwa mashaka, maana mtaa haujawahi kunyamaza pande zote. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemwongoza. Fimbo ikagusa lami. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nahesabu kwa midomo. Ya saba ikapita mbele ya magoti yangu, karibu nimguse. Ya kumi na nne ikafika, akaugusa mlango wa karakana kwa kiganja na kuupapasa ubao kama mtu aliyetoka safari ndefu.

"Nani kasimamisha magari?" akauliza.

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Kochi la mwalimu."

Akarudi hatua mbili, akainama, akapitisha vidole kwenye mguu wa kochi. "Umechubua mbao za mteja," akasema. "Hii ni siku nzima ya msasa."

"Nitapiga msasa."

"Na kesho?"

"Kesho nitayatoa tena."

"Ukiugua?"

Nikaupapasa mguu wa kochi uliochubuka.

"Ukifa kabla yangu? Ukichoka? Mtu huchoka, binti. Taa haichoki. Sitaki kuvushwa na hasira zako." Akanyooka. "Ondoa vitu vya watu barabarani. Kisha lete karatasi na kalamu."

Kinyozi na mwoka mikate walinisaidia kuyarudisha ndani. Injini zikawaka, matusi yakaanza upya, barabara ikaenda zake pande zote mbili. Niliporudi, Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, kiti alichokikosa wiki nzima, mikono juu ya magoti. Nikakaa mbele yake na daftari, lile lile la saini.

"Safari hii nasema mimi," akasema. "Wewe unaandika ninavyosema, hupunguzi, huongezi. Halafu nitampa mwalimu anisomee, nione kama ni yenyewe."

"Sawa, Baba."

"Andika. Kwa wajumbe wa kikao. Mimi ni mkazi wa nyumba namba kumi na saba. Sioni. Naomba kivuko chenye mlio langoni kwangu, ili nivuke mwenyewe. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mtaona kwenye ramani kwamba stika yangu iko kwenye nafasi ya mizigo. Si mimi niliyeitaka hiyo nafasi. Aliyeibandika ni binti yangu, na nilikuwa nimemwambia asikosee."

Kalamu ikasimama. Nje mfuniko ulilia ko-ko. Baba alitega sikio, si kwa barabara.

"Sisikii kalamu," akasema.

Nikaandika.

"Na ndiye anayeandika barua hii. Weka na hilo. Weka na jina lako."

Nikaliweka.

"Sasa nisomee."

Nikamsomea yote kwa sauti, kutoka juu hadi pale penye jina langu.